Binti wa Mwenye Baa

Rita, uko? Arnold wangu amerudi kutoka kazini, hata chakula hataki.

Si unajua ile baa ya zamani ya mtaa wa Kings Heath, wageni huja kusikia historia yake na Arnold ndiye husimulia? Leo amefika kwenye kisa cha yule mwenye baa wa zamani aliyelewa, akabingirika ngazi za stoo ya chini, akafa. Arnold huigiza vile alivyobingirika. Watu hucheka sana.

Mama mmoja mzungu, mzee, akainuka. "Huyo alikuwa babangu. Mimi ndiye niliyemkuta."

Babake, Rita! BABAKE!

Arnold akasema, "Pole, mama."

Wageni wakadhani ni sehemu ya mchezo. Wakapiga makofi. Yule mama amesimama tu analia, na makofi hayaishi.