Injini Iliyopimwa kwa Mlima wa Newala

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta goti limekuachia na korosho zimeanza kuanguka vizuri. Sie huku Ukonga tu wazima, tunalalamikia joto tu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikitaja gari kwenye simu unasema mtandao unakata. Karatasi haikati. Isome mpaka mwisho, halafu ukasirike.

Ni habari za mwanao Shaibu na lile gari lake. Uliniambia nimsimamie, na sijasahau kwamba kwetu mtoto akiharibika anayeulizwa ni mjomba. Basi alikuja hapa gereji na injini ya turbo iliyotoka Japani, akataka tuisuke upya. "Mjomba, niwekee kompresheni nane na nusu," akasema. "Washkaji wa Kimara wanasema ukiishusha hivyo unaipiga upepo mpaka basi."

Najua hapo nimekupoteza, ngoja nikueleze. Hewa na petroli vinaingia ndani ya silinda, pistoni inapanda na kuvishindilia, kisha cheche inawasha. Kompresheni ya nane ni kama kushindilia unga wa madebe manane uenee kwenye debe moja. Ukishindilia zaidi, injini ina nguvu tangu gari linapoondoka. Lakini turbo nayo inasukuma hewa ya ziada, kwa hiyo ukizidisha vyote viwili petroli inalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga kama kokoto kwenye kopo na pistoni zinatoboka. Ukiishusha sana, gari linakuwa goigoi mpaka turbo iamke. Ndiyo maana fundi hachagui namba kwanza. Anauliza kwanza gari litakwenda wapi.

Nilimuuliza. Akajibu, "Mbezi Beach, Ijumaa Ijumaa, kukimbizana na wana." Dada, nilimfokea mbele ya watu. Nikamwambia barabara ilishamchukulia mama yake mume, sasa anataka imchukulie na mwana? Akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mbezi Beach nilikuwa nazuga tu, mjomba," akasema. "Nataka nikamchukue mama, aje harusini kwangu."

"Mama yako hapandi gari."

"Atapanda yangu. Nitaendesha mie."

Tangu lile lori lizime katikati ya mlima wa kwetu Newala na kurudi nyuma na shemeji ndani, hujapanda gari lolote, na sote tumekuacha hivyo kwa sababu hatukujua pa kuanzia. Ulipotuma salamu kwamba dua zako zitatosha kwenye harusi yake na Zuhura, mimi niliona mambo yamekwisha. Shaibu hakukulaumu wala hakukubembeleza. Alikwenda kununua injini.

Tukaisuka kwa nane na nusu kama alivyotaka, maana alikwishalipia zile pistoni na ubishi kaurithi kwako. Tukapakia viroba vya mchanga kwenye viti vyote badala ya abiria, tukaenda mlima wa Kisarawe. Nikamwambia asimame katikati ya mlima, kisha aondoke. Alipoachia klachi injini ikakohoa, turbo bado imelala, ikazima. Gari likarudi nyuma kidogo kabla sijavuta breki ya mkono.

Hatukuumia. Lakini Shaibu alishuka akachuchumaa kando ya barabara. Nilimfuata. Akaniuliza, "Baba ilikuwa hivihivi?" Nikamjibu sijui, mwanangu, sikuwepo. Nililia, dada. Naye alilia, na wapita njia wakadhani gari limetushinda kutengeneza.

Tulirudi gereji tukaifungua upya. Bwana Murtaza, yule Mhindi anayetuuzia vipuri, alikuwa na lake: "Issa, weka kumi na nusu bwana! Itapanda hata ukuta." Kwa petroli ya hapa mjini labda angekuwa sahihi. Nikamwambia gari hili litajazwa petroli ya kwetu, ile ya kwenye madumu ambayo hakuna ajuaye imekaa juani tangu lini, na petroli iliyochuja ukiishindilia sana inagonga upesi. Akacheka, akasema basi tuilete tuionje. Nikaona kweli, kuuliza si ujinga na kuonja je? Nikamwagiza dereva wa lori la korosho, akaniletea dumu moja kutoka hukohuko. Wenzangu wanaletewa unga wa muhogo kutoka nyumbani, mimi naletewa petroli. Gereji nzima walinicheka.

Mwisho tukaafikiana tisa. Pistoni nyingine, turbo ndogo inayoamka mapema, na cheche tukaichelewesha kidogo ili isigonge. Wale wa Kimara walipopita wakasema Shaibu kajenga gari la shangazi. Akawajibu, "La mama."

Jumapili tukarudi Kisarawe na viroba vyetu na petroli ya dumu. Alisimama palepale. Nilishika breki ya mkono, na sikuificha hofu yangu. Akaachia klachi taratibu, gari likapanda. Akasimama tena juu zaidi, likapanda tena. Injini haikugonga hata mara moja, na nilikuwa nimeitegea sikio kama daktari.

Sikudanganyi, hii si injini ya upole. Mguu ukiwa mzito itakimbia kuliko unavyopenda. Nimemwambia nikisikia kaikimbiza nitazichukua funguo na harusi atakwenda kwa miguu, akacheka lakini alijua sitanii. Pia aliniomba nisikuambie kwamba gari lilirudi nyuma siku ile ya kwanza. Nimekuambia, kwa sababu ungepanda bila kujua usingekuwa umepanda kweli.

Nisalimie binamu Hadija na watoto wake, na mzee wetu Chikumba mchonga vinyago, mwambie tindo nimeshaipata nitampa Shaibu aje nayo. Zuhura, mke mtarajiwa wa Shaibu, anakuamkia, anauliza unapenda kanga ya rangi gani.

Jambo la mwisho. Tuliporudi kutoka mlimani nilianza kushusha viroba vya mchanga. Cha kiti cha mbele kilikuwa kimefungwa mkanda, na Shaibu akanizuia nisikiguse. Nikamwambia mchanga utaharibu kiti. Akasema, "Kiache, mjomba. Hapo pa mama. Atakitoa mwenyewe."

Atafika kwako nacho baada ya Idi.

Mdogo wako,
Issa