Maji Hayana Harufu

Nyumba za Watumishi,
Mlango wa Tisa,
S.L.P. 214.

9 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo, na shemeji hajambo? Mgongo wa Mama bado unamsumbua akiinama? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna raha, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningeishia kukuchekesha tu.

Unakumbuka ile homa ya mwaka juzi, ukaniuliza kama pua imefunguka nikakujibu imefunguka? Nilikudanganya. Mpaka leo sinusi kitu. Vitunguu vikiungua jikoni kwangu, naambiwa na jirani.

Sasa ona kazi ninayofanya. Mtu akija idara yetu ya mazingira kulalamikia maji, anaandikwa daftarini, anapewa namba, kisha mimi naenda kuyakagua. Fomu inauliza rangi, povu na harufu. Nikiweka alama popote, sampuli inakwenda maabara. Nisipoweka, faili linafungwa. Na ofisini wananiita Pua, maana zamani nilikuwa nanusa chupa tu nasema hii ni rangi ya nguo, hii ni choo. Bosi alikuwa akinisifia kwa wageni. Ningeanzia wapi kusema Pua imekufa? Basi nikawa naandika "maji hayana harufu", natia saini, narudi zangu kunywa chai. Malalamiko kumi na tisa, Dada. Nimeyahesabu.

Yuko mama mmoja, dobi, anakaa bondeni chini ya kiwanda cha ngozi. Alilalamika mara mbili, na mara zote mbili nikalifunga faili lake. Jumanne akaja na chupa, akaifungua mezani pangu. Nikainama, nikavuta pumzi kama bingwa, nikamwambia, "Mama, mbona haya maji hayana shida?" Kuinua uso, ofisi nzima imeziba pua. Karani alishakimbilia dirishani.

Wakadhani kiwanda kimenipa kitu kidogo. Bosi akataka maelezo kwa maandishi. Na hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pote: siku mbili nzima niliona afadhali niitwe mla rushwa kuliko kuchekwa.

Alhamisi nikasema ukweli. Hakuna aliyecheka. Mafaili yote yamefunguliwa upya, mwenzangu ndiye anayekwenda kukagua, nami nimeomba niwafuate walalamikaji mmoja mmoja, niwaambie mwenyewe.

Nilianza na dobi. Nilimkuta anaanua nguo, mikono imebabuka mpaka viwikoni. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo ulijua hunusi, ukaona heri sisi tuyanywe kuliko wewe uchekwe?"

Akaendelea na nguo zake. Nimebakiza milango kumi na saba.

Nisalimie shemeji, na mjomba akipita hapo. Najua Mama atakuomba umsomee barua hii, kisha aende kuwatambia majirani habari za mwanawe. Msomee yote. Ukifika kwa dobi, usishushe sauti.

Mungu awatunze, na awajalie maji safi siku zote.

Wako akupendaye,
Mdogo wako