Karatasi Saba za Utambwe

Manzese, Dar es Salaam
12 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Valerian,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, basi naipokea mapema. Habari za Masasi? Wifi yangu Yuliana, mgongo umeachia? Mama bado anagombana na kuku wa jirani? Mie sijambo, ila magoti hayaachi kunikumbusha kwamba msusi ni mtu wa kusimama. Mwanao ni mzima, anakula vizuri, na tangu chuo kifungwe ananisaidia hapa saluni.

Nakuandikia barua badala ya kupiga simu kwa sababu kuna jambo ambalo ukinikatiza sitalimaliza. Lakini kwanza niache nimsifu binti.

Mwezi uliopita alikuja na kitabu kipya. Ni Utambwe, Valerian. Utambwe yetu ileile ya kitabu cha utotoni, yenye ngoma zinazojipiga zenyewe na mto unaokula majina ya wanaouvuka. Mwandishi ni yuleyule, sasa mzee, ameirudia nchi yake baada ya vizazi vitatu kupita humo ndani. Watoto tuliowaacha wakichunga mbuzi ni mababu wenye mikongojo. Ile ngome nyeusi uliyokuwa ukiiogopa imekuwa shule, na wanafunzi wanaanika sare zao kwenye kuta zake. Nilisoma hapo nikacheka peke yangu, nikatamani uwe karibu.

Siku moja mteja wa rasta alilalamika kwamba saa tano za kukaa ni nyingi. Mwanao Nalemba akaketi juu ya kreti ya soda akaanza kumsomea. Mama Salma, mwenye saluni, aliona ni utoto, lakini wiki ya pili alizima televisheni kwa mkono wake. Dada mmoja wa Sinza alikuja kufumua rasta ambazo bado zilikuwa nzuri, akadai hawezi kuiacha sura ya tano inaning'inia. Hata Mashaka wa bodaboda anayeegesha mlangoni alimwambia abiria asubiri kidogo, kuna ishu anaimalizia. Mwanao anasoma kwa sauti iliyotulia, habahatishi neno, na watu wanauliza huyu ni mtoto wa nani. Nami najibu kwamba ni wa mdogo wangu, fundi seremala, aliyetengeneza milango ya kanisa la kwetu. Mama Salma anasema nyie watu wa kusini mkisifiwa hamlali, nipunguze. Sipunguzi.

Alhamisi iliyopita tulifika sura ya saba. Msichana wa kitabu hiki anafika ukingoni mwa mto, anakuta jiwe ambalo watu wa Utambwe huliosha kila mwaka. Ni jiwe la Nalemba wa zamani, yule wa kitabu chetu cha kwanza, aliyefia palepale mtoni. Mwanao akakishusha kitabu. Akaniuliza mbele ya wateja, mbona baba amemwambia tangu utotoni kwamba Nalemba alivuka akazeeka? Nikasema naenda kunywa maji, nikamwacha mteja na nusu kichwa.

Valerian, ni mimi niliyesema uongo. Unakumbuka ulivyoanguka kutoka kwenye mkorosho, ukalazwa wiki tisa hospitali ya misheni, daktari akasema huenda usisimame tena. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, mie kumi na minne. Ulikataa uji, ukaugeukia ukuta. Ulichotaka ni Nalemba tu, kwa kuwa naye alikuwa akichechemea, na kila alasiri nilikusomea sura moja. Ile ya mwisho niliipitia kwanza mwenyewe, pale bombani nilipokuwa nakufulia mashuka. Nalemba aliyabeba majina ya watu wote kinywani wakivuka, akawarudishia mmoja mmoja ng'ambo, ila la kwake halikuwa na wa kulibeba. Mto ukamchukua. Nilizinyofoa karatasi zake saba nikazificha, nikarudi nikakishika kitabu mbele ya uso wangu na kukusomea yasiyoandikwa. Nikasema alivuka, akazeeka, akaacha wajukuu tisa. Wiki iliyofuata uliomba magongo.

Hilo silijutii. Ninalojutia ni la pili. Mwanao alipozaliwa ukataka aitwe Nalemba, baba yetu, Mungu amrehemu, aliuliza kama mwenye jina hilo aliishi sana, maana kwetu mtoto harithi jina la aliyekatika njiani. Ukasema aulizwe dada, yeye ndiye aliyesoma. Wote wakanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Mtoto alipopata degedege akiwa na miezi tisa, niliamini mimi ndiye niliyemletea. Ana miaka ishirini na mmoja sasa, na bado nikimwona anavuka Barabara ya Morogoro moyo wangu unasimama mpaka afike.

Nilimweleza yote siku ileile. Hakulia. Alifungua sura ya nane akanisomea: baada ya kifo kile, kila nyumba ya Utambwe ilimpa binti mmoja jina la Nalemba, kwa sababu jina lililobebwa na wengi mto hauliwezi. Siku hizi watoto wanaogelea humo wakiitana. Akaniambia, shangazi, baba alifanya hivyohivyo bila kusoma. Kisha akaenda kummalizia yule mteja kichwa. Nilisimama mlangoni nikimtazama, na sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia nyie wawili.

Kitabu nakutumia kwa basi la Ijumaa. Ndani yake kuna bahasha yenye zile karatasi saba. Zimekuwa za njano, lakini zote zipo. Anza na hizo. Ukitaka kunikasirikia, unayo haki.

Nipelekee shikamoo kwa mama, salamu kwa wifi na majirani wote. Mama Salma anakusalimu ingawa hajakuona.

Juu ya bahasha mwanao ameandika majina ya wote wa nyumbani, kama wavukaji wa Utambwe, ila mstari wa mwisho ameuacha wazi. Anasema hapo ni pa jina langu, na wa kuliandika ni wewe. Ndiyo maana hapa chini sikuliweka.

Ni mie,
Dada yako