Nilikataa Tonge la Mkono wa Mama Minjae

Shangazi Moraa,

Naomba unisaidie kabla Pasaka haijafika, maana siku zinakwenda na mimi silali vizuri. Mimi ni mama Mkongo, mshonaji, cherehani zangu ziko hapa Yeoville, Johannesburg, na binti yangu wa pekee, Benita, anafundisha Kiingereza huko Korea, mji wa Daegu, na huko amepata mchumba anaitwa Minjae, kijana mpole, lakini mama yake hakutaka kabisa kusikia habari ya binti wa Kiafrika, miaka miwili alikataa hata kumwona, mpaka mwaka jana akalainika, akawa anamwita Benita kula kwake, na mwishowe akasema, mleteni na mama yake nimwone.

Basi Oktoba nikapanda ndege. Shangazi, yule mama alinipokea vizuri hata nikaona aibu kwa yote niliyomsema kabla. Huko nao mama huitwa kwa jina la mtoto, kwa hiyo yeye ni Mama Minjae na mimi Mama Benita, tukaelewana kabla ya kutafsiriwa. Alipoona nataka kupanda mlima na sketi ya kitenge na viatu vya kanisani, akanishika mkono mpaka sokoni, maana mlimani kwao watu hawaendi hivi hivi, wanavaa kofia, glavu na suruali maalumu, na fimbo mbili mkononi, hata kama mlima wenyewe una ngazi mpaka juu, na akabishana bei ya viatu mpaka muuzaji akacheka akatuongezea na soksi za bure, nikamwambia Benita, kumbe hata huku kuna basela! Tukapanda, vibibi wananipita, watu wasionijua wananipa tango na machungwa madogo, mimi nashukuru natia mfukoni, siyali, na Mama Minjae ananingoja kila ninapochoka. Sijafurahi hivyo tangu baba yake Benita afariki.

Tuliposhuka tukaingia mgahawa ulio chini ya mlima, ambapo nyama inachomwa pale pale mezani. Mama Minjae akachukua jani la saladi, akaweka nyama, kitunguu saumu na mchuzi mzito wa pilipili, akalikunja kwa vidole vyake, akaninyooshea mpaka mdomoni. Benita akaninong'oneza, "Maman, fungua kinywa, ni heshima." Shangazi, kanisani kwetu tunaonywa kila wiki kwamba mtu usiyemjua akikulisha kwa mkono wake ndipo anapokufunga kwa uchawi, na huyu ndiye aliyemkataa mwanangu miaka miwili, leo ananilisha, nikajiuliza kwa nini. Nikafumba mdomo, nikakinga uso kwa kiganja, nikasema kwa sauti, "Kwa jina la Yesu!" Watu wa meza za jirani wakageuka kututazama. Mkono wake ukabaki hewani, kisha akaurudisha, akalila lile tonge mwenyewe, macho chini.

Benita akawahi kumwambia kwamba jino linaniuma. Kesho yake asubuhi yule mama akaja na uji wa mchele aliopika mwenyewe, laini, wa mtu mwenye jino bovu. Nikapokea, akaondoka, nikaumwaga kwenye sinki. Benita alikuwa mlangoni. Akasema, "Eish, Maman, uko nafanya nini?" Nikamjibu, "Miye siwezi kula chakula ya mutu mwenye sijue." Akaniangalia. "Mimi nakula kwake kila Sunday, Maman. Nimekufa?"

Tangu hapo simu zetu ni fupi. Mama Minjae naye kila wiki anatuma salamu akiuliza hali ya jino. Pasaka yeye na Minjae wanakuja Johannesburg kujitambulisha kwa ukoo. Kaka yangu Octave anasema niendelee na jino, yataisha. Mimi natamani kusema kweli, lakini nitamwambiaje mtu kwamba nilimdhania mchawi? Najuta, Shangazi, najuta sana.

Mama Benita, Yeoville

Mama Benita,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimekasirika.

Kwa kuogopa sikulaumu. Wengi wetu tuliokuja mji huu tulionywa tusile vya watu, na tonge likikufikia usoni ghafla mdomo hujifunga wenyewe. Lakini uji? Kwa uji ulikuwa na usiku mzima wa kufikiri. Mtu amekutafutia viatu, amekungoja mlimani, ameamka kukupikia, na wewe mama mzima unamwaga chakula chake mbele ya binti anayeolewa nyumba hiyo! Hapo ulikosea, na usimsingizie mchungaji.

Octave mwambie apumzike. Mama Minjae akifika atakuona unatafuna nyama vizuri tu, atajua. Akigundua mwenyewe, atadhani ulimdharau, na Benita ndiye atakayelipia dharau hiyo.

Mpigie Benita leo. Usitume ujumbe, piga simu, na ongea Kiswahili chako hata akikujibu kwa Kiingereza. Mwombe msamaha kwa uji, na kwa kumfanya aseme uongo. Halafu umwombe akutafsirie kwa mkwewe maneno haya: jino halikuniuma, kwetu tunafundishwa kuogopa kulishwa na mgeni, nikaogopa, nikakuaibisha mbele za watu, nisamehe. Ayasikie kabla hajapanda ndege, akiwa kwake, mahali anapoweza kukasirika kwa raha zake. Uchawi usiutaje, na uji usiutaje. Usijisafishe moyo kwa kumwongezea mwenzio uchungu.

Wakifika, wapikie sombe ya majani ya muhogo na samaki, mle meza moja. Watu wa kanisani watakaokuja na mafuta ya upako waambie wapite siku nyingine.

La mwisho hutalipenda. Anaweza kukusamehe kabisa na bado asikunyooshee mkono tena. Tonge lile ndilo lilikuwa neno lake kwamba amemkubali Benita, na ulimjibu mbele ya watu. Asipokunyooshea, jipakulie mwenyewe, kula, shukuru, na usimlilie binti yako. Yeye ndiye atakayekaa na yule mama miaka yote ambayo wewe hutakuwepo.

Shangazi Moraa