Pete ya Bibi Kwenye Unga wa Mawe

Ghorofa ya pili, mkabala na maktaba,
S.L.P. 214.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka Nyundo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Kifua chako kinaendeleaje? Nasikia waoka mikate huvuta unga mpaka wakakohoa, na wewe ulikwisha kuvuta vumbi la mawe miaka minne kabla ya hapo. Funika pua ukiwa kazini. Najua utacheka kuona ni mimi ninayekupa ushauri huo.

Sisi hatujambo. Shemeji yako ameacha kuchechemea, ila fimbo bado anaibeba kwa sababu amegundua watu humpisha kwenye foleni. Mimi nilistaafu mwezi wa kwanza. Walinipa saa ya ukutani na kipande cha mwamba kilichong'arishwa, nikakipokea kwa tabasamu ingawa ninavyo mia mbili chini ya kitanda. Afya yangu ni nzuri isipokuwa vidole, vimevimba viungo, na hivyo vidole ndivyo vitakavyonifikisha kwenye jambo lenyewe.

Kwanza hongera kwa binti yako kupata mchumba. Alimpigia simu bibi yake mwenyewe kumpa habari, na Shangazi, mama yako, akafurahi kuliko nilivyomwona miaka mingi. Kesho yake akaniita. Akaniagiza ile pete ya bibi yetu, aliyonivisha siku ya harusi yangu, sasa iende kwa mjukuu wake. Niisafishe, nikutumie wewe, umkabidhi binti. Nikasema sawa, Shangazi. Tangu siku hiyo chakula hakina ladha mdomoni mwangu.

Kaka, pete ile haiwezi kuja peke yake. Lazima ije na maneno ambayo nimeyakalia miaka ishirini.

Unakikumbuka chumba chetu cha sampuli, kile chenye bati lililokuwa likitoa mlio jua likipanda. Mashine ya kuchoronga ilituletea vipande vya mwamba vya mviringo, tukavipanga kwenye masanduku kwa kufuata kina. Mimi niliandika nilichokiona, nikavipasua katikati kwa msumeno, nusu moja ikabaki sandukuni. Nusu ya pili ilikuja kwako, ukaiponda na kuisaga mpaka ikawa unga. Kila ukimaliza sampuli moja uliipuliza mashine, ukaipiga brashi, ukasaga mchanga mweupe kuondoa mabaki, kisha brashi tena. Nilikuwa nikikutania kwamba ukioa utamsugua na mkeo. Sijafanya kazi na mtu msafi kama wewe tangu hapo.

Nilikueleza siku moja jinsi madini yale yanavyotokea. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka huko chini, vitone vizito vyenye nikeli na shaba hujitenga, vikazama na kutulia chini kabisa, kama mchanga unavyobaki sufuriani ukiosha mchele. Ulielewa upesi kuliko wasaidizi wangu waliotoka chuo kikuu. Hiyo nikeli ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta, na platinamu kidogo kama bahati ingetuangukia. Dhahabu hatukuitarajia pale hata chembe.

Basi nikaolewa. Nikarudi kazini baada ya wiki mbili na pete mkono wa kushoto, dhahabu ya zamani, laini, ambayo bibi alikuwa akisema ukiing'ata inabaki na alama ya jino. Tabia yangu unaijua. Unga ukishasagwa nilipenda kuuchanganya mwenyewe kwa kiganja kabla ya kuugawa kwenye pakiti, nikijidai kwamba mkono unasikia punje ambazo jicho halizioni. Wewe uliniambia, "Kijiko kipo, dada." Uliniambia zaidi ya mara moja. Nikakujibu kwamba mkono wangu ni msafi kuliko kijiko chako. Ukarudi kwenye mashine yako, kwa sababu kazi ile nilikutafutia mimi, na pale kazini mkubwa wako nilikuwa mimi.

Majibu ya maabara yakaja na dhahabu. Mkuu wa mradi alishangilia siku tatu, kisha akaagiza zipimwe zile nusu zilizobaki sandukuni, na humo dhahabu haikuwemo. Kwa hiyo ilikuwa imeingia baadaye, mkononi mwa mtu. Huo ni udanganyifu unaojulikana sana katika kazi yetu, watu hutia dhahabu kwenye sampuli ili mradi uonekane tajiri na usifungwe. Nikaambiwa niandike taarifa. Niliimaliza kwa siku moja. Ina sentensi ambayo mpaka leo ninaijua kwa moyo: "Chumba kina funguo mbili, moja ninayo mimi, ya pili anayo mtayarishaji wa sampuli." Sikukutaja jina, na nilijiona muungwana kwa hilo.

Siku uliyoitwa ofisini hukupiga kelele. Uliweka ufunguo mezani, ukaniita kwa jina, ukaniuliza mimi, si wao, "Mawe, na wewe unaamini?" Nikainamia karatasi zangu.

Wewe ukafukuzwa, mimi nikapambwa. Popote nilipoomba kazi walisema huyu ndiye yule aliyemripoti hata ndugu yake wa damu. Kwa sifa hiyo nimepewa miradi ambayo wenzangu waliilia. Nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwahubiria uaminifu wa sampuli, wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Na mama yako akaniamini mimi. Siku uliyoondoka na sanduku lako hakutoka kukuaga, aliendelea kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Niliona kwa macho yangu, na sikufungua mdomo.

Mpaka hapo ungeweza kusema huyu ni mjinga tu, hakujua. Ninachokuja kukuandikia sasa hakina jina hilo.

Miaka sita baadaye nilipata kazi kwenye mgodi wa platinamu. Mlangoni mwa chumba chao cha sampuli alikaa mlinzi, mama mmoja mnene mwenye kisahani cha plastiki, akaniambia nivue pete. Nilidhani anaogopea vidole vyangu kwenye mashine. Akanijibu bila hata kuniangalia, "Mama, pete inaacha dhahabu kwenye unga." Hayo tu. Nikaiweka pete kwenye kisahani chake. Mchana ule ule nikarudi nyumbani nikafungua madaftari yangu ya zamani. Dhahabu yote ilianza juma nililotoka fungate. Zile siku mbili nilizolala na homa, ukafanya kazi peke yako kwa kijiko chako, haikuwepo. Chai yangu ilikuwa haijapoa na mimi nilikwisha kujua kila kitu.

Na sikusema, Kaka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepandishwa cheo. Nikajiambia umekwisha kusahau, una kazi yako ya mikate, na kwamba kufukua habari ile kutamuumiza Shangazi. Visingizio vitupu. Niliogopa kupoteza jina, basi. Nikaendelea kukutumia kadi kila mtoto alipozaliwa, na barua za kukuuliza mvua zikoje huko kwenu.

Wiki iliyopita nilimpelekea sonara pete aikate, maana haikutaka kutoka kidoleni. Aliigeuza chini ya taa, akaniuliza kama maisha yangu yote nilikuwa nafua nguo kwa mawe. Upande wa juu maua ya bibi bado yapo. Upande wa kiganja umelika, umebaki mwembamba kama waya. Akataka kuongeza dhahabu ili ilingane. Nikamkatalia. Nilimwambia aiunge pale alipoikata, asiongeze kitu, maana binti yako anastahili kuiona ilivyo na kuambiwa iliyopungua ilikwenda wapi.

Ndani ya bahasha utakuta nakala ya barua niliyoiandikia kampuni. Ile ya zamani ilikwisha kununuliwa, lakini waliorithi majalada wamenijibu kwamba maelezo yangu wameyaambatanisha na ile taarifa, kwa hiyo atakayeisoma sentensi ya funguo mbili atasoma na hili. Chama chetu cha wanajiolojia nimewaandikia pia, na chuo walikonitundikia picha. Najua haikurudishii hata siku moja. Mambo haya nilipaswa kuyafanya ukiwa bado na nywele nyeusi.

Uliniuliza swali na mimi sikukujibu miaka ishirini na sita. Jibu langu ni kwamba sikuamini, hata siku ile. Nilikuona ukipiga mashine brashi miaka minne, ningeaminije? Niliona tu ni nafuu kosa liwe la mtu mwingine, na mwingine aliyekuwepo ulikuwa wewe. Naona aibu kuliandika hili kuliko yote ya juu. Ukitaka kunitukana, namba yangu ya simu ni ile ile. Ukiamua kunyamaza, nitaelewa.

Jana nilikwenda kumsomea Shangazi barua hii, kwa sababu macho yake hayasomi tena na sikutaka ayasikie kwa watu. Hii unayosoma nimeinakili upya leo. Alisikiliza habari yote, pete kaishika mkononi. Hakunifokea. Aliuliza tu kijiko kilikuwa wapi. Nikamwambia kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari, karibu na bega langu. Akageukia ukutani, akakaa hivyo mpaka nikaona haya kuwa nimeketi kwenye kiti chake.

Nisalimie wifi sana. Nisalimie bi harusi mtarajiwa, mwambie anywe maji na asikubali kuchaguliwa viatu na mtu yeyote. Wale wadogo wawili wapigie busu kwa niaba ya shemeji yako, anayesema wapewe mkate wa moto kabla ya wateja.

Hapa nilikuwa nimeandika salamu za mama yako, kama nilivyofanya katika kila barua. Jambo la mwisho la kukukiri ni hili, kwamba zile zote za nyuma nilizitunga mwenyewe. Hakuwahi kuniagiza hata moja. Jana nilipoufikia mstari huo alinizuia, akasema niufute. Salamu zake ataleta mwenyewe. Amekwisha kukata tiketi ya basi ya tarehe ishirini, pete hakunirudishia, na mimi hakuniomba nimsindikize. Mtandikie kitanda kifupi, magoti yanamsumbua. Na ukimwona anashuka, Kaka, tafadhali usingoje akufikie.

Mungu akupe pumzi ndefu na tanuri lisilozima.

Akupendaye na aliyekukosea,
Mawe