Bakuli Liko kwa Nani

Mama,

Nimefika nyumbani jana, na lile bakuli nimekuja nalo. Nimelibeba mkononi kutoka Zhengzhou, kule China, mpaka hapa Bukhayo, nimelifunga ndani ya sweta, maana sikuthubutu kuliweka kwenye sanduku. Pale uwanja wa ndege askari aliniuliza nimebeba nini kwa heshima hivyo. Nikamwambia bakuli. Akauliza bakuli la nini. Ningeanzia wapi kumweleza, Mama? Nilimwambia tu ni la jirani.

Sikuingia nyumbani moja kwa moja. Nilipitia kaburini kwako kwanza, kama inavyompasa mtoto aliyekosa mazishi ya mzazi, na mdogo wangu Wandera akawaambia watu waniache peke yangu. Nililia nikashindwa kusema hata neno moja kati ya yale niliyoyapanga njia nzima. Ndiyo maana leo nakuandikia. Unanijua. Darasani naongea siku nzima, lakini mbele yako maneno yalikuwa yananitoroka.

Nianze na lililo zito. Sikuja kukuzika. Pasipoti yangu ilikuwa ofisi ya uhamiaji kwa ajili ya kibali kipya cha kukaa, na bila hiyo sikuwa na njia ya kutoka kule. Nilienda pale kila asubuhi kuuliza, kila asubuhi naambiwa bado. Wandera aliwangojesha watu kadiri alivyoweza, halafu akanipigia, sauti imekwisha: "Dada, wazee wamesema ni Jumamosi. Mimi nimeshindwa." Simlaumu. Nimejilaumu mimi, miezi tisa sasa, na nimekuja kukuomba msamaha. Ila kabla hujanijibu, nataka ujue siku hiyo nilikaa na nani.

Unakumbuka jinsi tulivyoanza? Kila Jumapili ukitoka kanisani ulinipigia, kwangu jua likiwa linazama, ukataka nikueleze mji wote. Nilikuambia kuhusu pikipiki zao za umeme ambazo baridi ikifika hufungwa blanketi zito mbele, dereva anaingiza mikono na magoti humo anakwenda zake. Ukasema watu wa boda wa Busia wangejifunza badala ya kutetemeka kila asubuhi na bado kukupigia makelele. Nilikuambia shuleni ninakofundisha, baada ya chakula cha mchana, watoto wote hulaza vichwa juu ya madawati na kusinzia, kila mmoja na kamto kake. Ukauliza, "Na mwalimu?" Nikasema mwalimu pia. Ulicheka mpaka simu ikaanguka, na nikabaki nasikiliza kuku.

Nilikuambia pia kwamba kule dawa ya kila kitu ni maji ya moto. Ukiumwa kichwa, kunywa maji ya moto. Ukiteguka mguu, maji ya moto. Na wale akina mama wanaocheza kwa mistari uwanjani, redio kubwa imewekwa chini, wameshika mapepeo mekundu ya kujipepea mkononi? Wewe swali lako lilikuwa moja: "Hao wamepika saa ngapi?"

Halafu akaja Mama Liu. Anaishi mlango wa pili kutoka kwangu, ghorofa ya nne, mjane kama wewe, na mwaka mzima tulikuwa tunatikisiana vichwa tu kwenye ngazi. Siku baridi ilipoanza kuuma kweli, akabisha hodi, ameshika bakuli jeupe lenye ua la buluu kwenye ukingo, limejaa vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, bado vinatoa mvuke. Nilivimaliza nimesimama. Jumapili nikakusimulia, nikasema nimeshaosha bakuli, kesho namrudishia. Ukanikatiza hapo hapo.

"Nabwire. Wewe unarudisha bakuli ya mtu tupu? Kwani nani alikulea?"

Basi nikakaanga mandazi, nikalijaza, nikapeleka. Baada ya siku mbili bakuli likarudi na machungwa. Kumbe na kwao ni vilevile! Na kwao pia chombo cha jirani hakirudi kitupu. Tukanaswa, Mama, sote wawili. Yeye hawezi kuliacha likae kwake, mimi siwezi kulirudisha bila kitu, na hakuna aliyekuwa na lugha ya kumwambia mwenzake yatosha sasa. Nikapeleka chapati, likaja na karanga. Nikapeleka mayai, likaja na tambi. Viazi vitamu, likaja na viazi vitamu vingine, vizuri kuliko vyangu, na hiyo ilikuuma sana.

Ukaifanya kuwa yako. Ulikuwa hata hujaniuliza kama mimi ni mzima, unaanza na: "Bakuli liko kwa nani?" Nikisema liko kwake, unaridhika, unasema mwache naye atafute. Nikisema liko kwangu, unaanza kunipangia. Wewe ndiye uliyesema nimpelekee omena ulizokuwa umenifungia, wale dagaa wa ziwani Osieko, ulizoziita safi kuliko zote mezani pako sokoni. Nilizikaanga na nyanya, ngazi nzima ikanuka, nikadhani nimetuaibisha. Mama Liu akala, akalamba vidole, na bakuli likarudi na samaki wadogo wa kwao, wakavu, wamekaangwa na pilipili. Nilipokuambia, ukadakia: "Kwani wao omena walitoa wapi?" Ulisema hivyo kwa wivu wa kibiashara kabisa.

Hukuwahi kumwona hata kwa picha, ukamwita mama wa bakuli. Ulikisimulia kijiji kizima habari zake. Mpaka sokoni Busia, wateja wako wa kutoka Uganda walikuwa wanakuuliza mama wa bakuli ameleta nini wiki hii, ndipo waulize bei ya mukene, kama wanavyoiita omena. Wandera ananiambia bado wanapita pale mezani. Wanakuulizia wewe.

Ulipofariki, bakuli lilikuwa kwangu. Lilikaa juu ya friji siku zile zote, sikuligusa. Jumamosi hiyo nilikuwa jikoni, simu nimeiegemeza kwenye birika, naangalia mazishi yako kupitia kwa mtu aliyekuwa anarekodi, na picha inakwama kila baada ya muda. Nadhani nililia kwa sauti. Mlango ukabishwa. Nikafikiri ni Mama Liu amefuata chombo chake. Nikalichukua bakuli, nikafungua, nikampa.

Tupu, Mama. Nilimpa tupu.

Aliliangalia, akaniangalia. Nikamwonyesha simu: jeneza lako, Wandera na jembe, mvua inataka kunyesha. Akavua viatu. Akaweka bakuli mezani, akavuta kiti akakaa, mkono wake juu ya mgongo wangu mpaka mwisho. Wale akina mama walipoanza kuimba aliinamisha kichwa. Udongo ulipoanza kutupwa alisimama, nami nikasimama. Nilikuwa nimeamini nitafiwa peke yangu, mbali na watu wanaojua kukaa na mfiwa. Na huyu hakufundishwa na mtu wa kwetu. Alikaa tu, kama ambavyo wewe ungekaa na mtoto wake.

Kesho yake asubuhi bakuli likaja na uji wa nafaka zao za njano, hauna sukari wala maziwa. Likaja kila asubuhi wiki nzima. Nililirudisha tupu kila mara, na kila mara alilipokea kama limejaa. Baada ya wiki hiyo sikuletewa uji. Nilifungua mlango nikakuta bakuli limejaa unga mkavu wa ngano. Niliangalia ule unga muda mrefu kabla ya kuelewa. Alikuwa ananiambia basi, inuka, pika. Nikakaanga mandazi nikilia, yakawa na chumvi kupita kiasi, akayala yote.

Nilipomwonyesha tiketi ya kuja nyumbani alilijaza tende nyekundu za kwao, akaelekeza kidole kwenye picha yako ukutani. Hizo ni zako. Nimekuwekea chache pale kaburini jana; nyingine watoto wa Wandera wamekusaidia kuzila.

Lakini nilikuwa bado na ule mzigo. Sikuja kukuzika, na kitu kimoja ulichonisisitizia, bakuli lisirudi tupu, nilikivunja siku hiyohiyo. Nililala hapa nyumbani kwako nikijiona mtoto wa bure.

Leo asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwake Malaba, Wandera ametoka chumbani kwako na ule mkebe wa majani ya chai, umefungwa na kitambaa, fundo la kuiga lile lako ambalo hakuna mtu mwingine anaweza kulifunga. Ameniambia, "Hii Mama alikataza mtu kugusa. Alisema ni ya mama wa bakuli." Ndani kuna njugu. Za shamba lako, ulizozibambua wewe. Amesema hata ulipokuwa huwezi kusimama ulikuwa unakaa kitandani unazichambua, zilizonyauka unazitoa, ukimwambia, "Mwenzangu wa huko ana macho." Na yeye, tangu uondoke, amekuwa akizianika kila jua likitoka vizuri na kuzirudisha, anafunga fundo lake vibaya akiiga lako.

Nimekaa nazo mapajani mpaka chai imepoa. Miezi tisa najilaumu kwa bakuli tupu, na wewe ulikuwa umeshalijaza.

Asante, Mama. Asante kwa kunilea hivyo, maana hicho ulichonifundisha ndicho kilichonifungulia mlango katika mji ambao sikuwa na mtu. Asante kwa kutoniacha na deni la mtu aliyenikalia matanga.

Nitazikaanga Jumamosi kwa chumvi, kwenye sufuria yako nyeusi. Nitazibeba mkononi, sitaziweka kwenye sanduku. Nikirudi kule nitabisha hodi kwa Mama Liu, nitamwonyesha picha yako, halafu njugu, na ataelewa zimetoka kwa nani. Sitamwachia mtu mwingine kazi hiyo, na kwenye mlango wangu hakuna chombo cha jirani kitakachotoka bila kitu muda wote nikiwa na mikono.

Lala salama, mama yangu. Na Jumapili, huko uliko, usiwe na wasiwasi wa kuuliza. Bakuli liko kwetu, limejaa, na nalipeleka.

Mtoto wako,
Nabwire