Mkono wa Kushoto wa Mama

Mtaa wa Dallas,
Embu.
14 Juni 2025

Mpendwa Karimi, mdogo wangu,

Hujambo huko msituni? Ile homa imeisha? Sisi tunasukuma siku kwa neema ya Mungu, ila baridi ya mwezi huu imetufungia ndani. Nimekukosa mpaka nimekasirika! Simu yako haishiki, ndiyo maana naandika.

Mama bado yuko kwangu tangu tumtoe kijijini Kiambere. Anakula vizuri, lakini kiharusi kilimnyang'anya maneno na mkono wa kulia. Amebaki na wa kushoto.

Sasa, kila asubuhi anapeleka kiganja mdomoni, kisha anakinyoosha mlangoni. Nikaleta maji. Akarudia. Mume wangu Njue unamjua, mchinjaji hana dawa nyingine: "Nelius, huyu anataka supu." Mama akalisukuma bakuli. Uji je? Wapi! Akalia, nami nikalia.

Ndipo nikakumbuka hadithi zako za sokwe, zile tulizokuchekea. Ulisema sokwe mama humnyooshea mwanawe mguu, yaani panda mgongoni twende. Asipoeleweka hurudia mpaka apate anachotaka, ndipo huacha. Kwa hivyo nyinyi mnaowachunguza hamkisii, mnangoja kuona ni nini kitautuliza mkono.

Basi nikaanza kumwonyesha vitu vya nyumbani, kimoja kimoja. Nilipomshushia picha yako ya mahafali, aliilaza mapajani, akatema mate kidogo kiganjani, akakupaka usoni polepole. Mkono ukatulia.

Ngai, Karimi, kumbe ni baraka! Wewe ulimuaga kwa simu, na kwetu safari ndefu bila mate ya mzazi ni safari gani? Hatukutambua kwa sababu ni mkono wa kushoto. Nani hubariki kwa kushoto?

Kesho yake kiganja kikarudi mdomoni, na picha akaikataa. Anakutaka wewe. Hata mimi nakutaka, nyumba imepoa bila kelele zako. Omba ruhusa uje. Sokwe hawatahama.

Njue anakusalimu sana, na Carol wetu anauliza kama utamletea sokwe mdogo. Mungu akufunike huko uliko.

Nimemwambia mama kwamba nakuandikia. Amenyoosha kiganja, nikampa karatasi, naye akaipaka kama ile picha. Ukiona wino umeenea hapa chini, usidhani ni mvua. Na bado mkono haujatulia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,
Nelius